Boga la Kufichia Uso

Jumamosi, 4 Aprili

Aibu. Aibu tupu! Naandika nikiwa chini ya meza ya cherehani ya mama, maana chumbani yupo shangazi na shangazi haachi kuuliza.

Mama alinituma Ghala na mfuko wa mchicha uliozidi. Bustani yetu ya nyuma si kubwa kuliko mkeka, lakini mwaka huu mchicha umeota kwa fujo. Kazi yenyewe rahisi. Ghala ni lile jengo walilokuwa wanatengenezea magodoro. Siku hizi kila Jumamosi wenye chakula cha ziada wanakipeleka pale, na waliopungukiwa wanachukua bure. Wanaoleta wanapita mlango wa mbele. Wanaochukua wanapanga foleni mlango wa nyuma. Mbele kuna ngazi saba na ubao mweusi. Ukifika juu, Mama Ghala, msimamizi, anakuuliza umeleta nini, kwa sauti ya mnadani, kisha anaandika jina lako ubaoni na watu wanapiga makofi.

Makofi!

Nilifika ngazi ya tatu. Nikamsikia Mama Ghala akimwuliza mtu jina. Miguu ikageuka. Sikuiambia igeuke. Ikazunguka jengo, ikaenda nyuma, ikasimama mwisho wa foleni karibu na bomba, kama ilivyozoea.

Maana mwaka jana ilizoea. Kiwanda cha baba kilipofungwa, mimi na mama tulisimama pale Jumamosi kumi na moja. Baba hakuwahi kuja. Sasa anachoma mikate na nyumbani tunakula vizuri, lakini miguu yangu haijapata habari.

Nilitaka kumwambia mtu kwamba nimepotea njia. Shuleni tunafundishwa kwa lugha mbili. Mimi nanyamaza kwa zote mbili. Foleni ikasogea. Nikapewa kabichi mbili. Nikasema asante.

Kwa hiyo: nimetoka na mchicha, nimerudi na mchicha pamoja na kabichi mbili. Tena kabichi za jirani yetu, Babu Mizani! Nazijua. Alipima vifurushi posta miaka thelathini, na mpaka leo kila kabichi yake anaifunga kikaratasi chenye uzito wake, mpaka gramu.

Mama akauliza Ghala walisemaje. Nikasema walifurahi sana.

Mchicha nimempa mbuzi wa mtu. Kabichi ziko chini ya kitanda.

Jumapili, 5 Aprili

Shangazi ameamka akisema chumba kinanuka siasa. Sijui maana yake. Kabichi nimezihamishia kwenye begi la shule.

Nimefikiri siku nzima na nimepata mpango. Tatizo langu si ngazi. Tatizo langu ni uso. Ningeweza kupita mlango ule kama ningekuwa sina uso. Basi nahitaji kubeba kitu kikubwa kiasi kwamba kuanzia kiunoni mpaka utosini nisionekane. Watu wataona kitu kinapanda ngazi saba chenyewe. Wakipiga makofi, watakuwa wanakipigia kitu.

Boga!

Na ninalo. Yaani, nina mmea. Jumamosi ya mwisho ya foleni mwaka jana tulipewa kipande cha boga kinene kama godoro la mtoto. Nikaficha mbegu moja mfukoni. Mwezi wa pili niliichomeka nyuma ya jiko, karibu na tangi kuukuu lililopasuka, lile ambalo mama kila mwaka anasema litatupwa kesho. Mbegu yenyewe ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Leo mmea umevuka bustani, umepanda juu ya tangi, umeshuka, na ncha yake inanyemelea kamba ya nguo. Majani kama miavuli. Nikilipapasa moja linanikwaruza, kama ndevu za baba Jumapili.

Ile mbegu iliyabebaje haya yote? Iliyaweka wapi?

Jumanne, 7 Aprili

Nimeona kitu leo asubuhi, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe daftari.

Saa kumi na mbili na nusu, kabla ya shule, nilikwenda kuangalia maua. Yapo ya dume, yenye shingo nyembamba, na ya jike, yenye kidonge cha kijani chini yake. Hayo tulifundishwa darasani, kwa ile lugha nyingine, na nikapata alama sita kati ya kumi. Hakuna aliyetuambia kwamba ua la boga linafunguka ukilitazama. Lilikuwa limejikunja kama mwavuli. Halafu likatetemeka. Halafu likalegea, ubavu mmoja, wa pili, taratibu, kama mtu anayefungua kiganja akuonyeshe alichoficha. Rangi ile! Nyuki mmoja akaingia akatoka amepakwa unga wa manjano mwili mzima, analewalewa.

Niliogopa nyuki asifanye kazi vizuri. Nikachukua brashi ya poda ya shangazi, nikachota unga kwa dume, nikampaka jike. Nikamwambia pole. Sijui kwa nini.

Shangazi amekwenda kazini na shavu moja la manjano. Amerudi akisema watu wawili wamemwuliza kama ini lake liko salama.

Jumatano, 15 Aprili

Limeshika! Kidonge kimekuwa chungwa. Kwa siku nane!

Lakini Babu Mizani ameanza. Kila asubuhi saa moja anapanda kigoda chake upande wa pili wa ukuta na kukagua bustani yetu kama daktari anayepitia wagonjwa. Leo nilimwamkia, akaitikia, akauliza mjukuu wangu, hilo boga utaliacha hapo juani? Angekuwa yeye angelikata likiwa changa. Nami namjua. Akijua nataka kubwa, ataotesha kubwa zaidi, na jina lake tayari liko juu ya ule ubao kila wiki. Kabichi! Nyanya! Bilinganya zenye vikaratasi!

Na si yeye tu. Mama akiliona atalipika. Mama akiona chochote cha kijani chenye ukubwa wa ngumi, anakwenda kuchukua kisu. Na shangazi akiliona, mtaa mzima umeliona. Hatumwiti Redio bure.

Basi nimelificha. Tangi letu la maji, lile zima, limekaa juu ya jukwaa la zege, na chini ya jukwaa kuna kichumba. Mlango wake ni mwanya wa shibiri mbili tu. Katika nyumba hii ni mimi pekee ninayepita, tena ubavu, nikivuta pumzi. Ndiko nilikokuwa najificha wageni wakija, tangu nina miaka sita. Bado najificha. Ndani ni pana ajabu, na baridi, na maji yanasikika juu ya kichwa.

Nimevuta ncha ya mmea polepole, majani nimeyaacha nje juani, nikaliingiza boga kupitia mwanya. Limepita bila shida.

Nimelitandikia fulana yangu ya zamani. Sasa halionekani na mtu yeyote duniani.

Jumatatu, 27 Aprili

Ujanja mpya. Babu Mizani aliuliza mbona mmea wangu umeingiza kichwa chini ya tangi kama mbuni. Nikamjibu kwamba unatafuta kivuli. Akanitazama kwa muda mrefu. Huyu amepima vifurushi miaka thelathini, anajua kifurushi kinachodanganya.

Kwa hiyo nimempa cha kutazama. Kuna kiboga kingine kilichoshika upande wa uani, kimekonda, kimepinda. Nimekiwekea majani makavu chini na uzio wa vijiti. Kila asubuhi nakisimamia na kukihurumia kwa sauti. Ndiyo, kwa sauti! Naweza kusema na boga.

Babu amenasa. Leo amenirushia mfuko mzima wa mbolea ya kuku juu ya ukuta. Akasema kiboga kile kinamnyima usingizi. Akanieleza mwagilia lini, usimwagilie lini, usilowanishe majani jioni. Ameeleza robo saa, akishika ukuta kwa mikono miwili. Nilijisikia vibaya kidogo. Kisha nikaipeleka mbolea yote kwenye shina la lile kubwa.

Limekuwa kubwa kuliko kichwa changu. Nimepima kwa kulikumbatia.

Saa kumi mama amekipika kile cha kujifanya.

Alhamisi, 7 Mei

Nimeiba futi ya mama, ile ya kupimia nguo. Naitumia asubuhi na kuirudisha kabla hajaketi kwenye cherehani. Jumatatu: sentimita mia moja na moja. Jumanne: mia moja na tano. Jana: mia moja na tisa. Leo: mia moja na kumi na tatu.

Sentimita nne kwa siku! Kila siku, hata Jumapili! Mimi tangu mwaka jana nimeongeza moja.

Nimelala sakafuni kando yake, nikaweka sikio. Nilidhani nitasikia kitu. Kinachokua hivyo hakiwezi kukaa kimya. Sikusikia ila maji ya tangi juu na moyo wangu, na baada ya muda sikujua upi ni upi. Ganda lina joto kama ubavu wa ng'ombe. Lina mistari myembamba iliyopasuka ikapona, mahali lilipokuwa na haraka kuliko ngozi yake. Limekaa gizani, peke yake, halijasifiwa na mtu, na linakua tu. Sijawahi kuona mtu mwenye haya aliyefanikiwa namna hii.

Taabu: shangazi ameniona nikitoka kwenye mwanya na futi shingoni, nywele zina utando wa buibui, nacheka. Akasema kama ni ugonjwa niseme, kama ni mapenzi niseme pia, ila ajue ni kijana wa nani na anakaaje huko chini bila kula. Nikanyamaza. Amechukulia kimya changu kuwa jibu. Kufikia jioni mama alikuwa ananitazama kwa huruma na baba alikuwa ameacha kunitazama kabisa.

Jumamosi, 16 Mei

Leo siandiki ujanja.

Mama alinituma tena na mchicha. Mpango wangu ulikuwa kuacha mfuko ngazi ya tatu na kukimbia. Niliacha. Nilikimbia. Lakini nilikimbilia nyuma ya jengo, bila kufikiri, nikaiona foleni.

Ilipita bomba. Ilipita ukuta. Ilifika kwa fundi viatu barabarani. Mwaka jana haikuwahi kuvuka bomba! Saa tano Mama Ghala alitoka mwenyewe, bila sauti ya mnadani. Akasema jamani, vimekwisha, poleni sana, wiki ijayo njooni mapema. Watu hawakugomba. Hilo ndilo baya. Walikunja mifuko yao mitupu vizuri, nne kwa nne, wakaitia kwapani.

Kati yao nilimwona Kengele. Yuko darasani kwetu, dawati la mbele. Tunamwita hivyo kwa kicheko chake, na kwa sababu anajibu kila swali kabla mwalimu hajamaliza, kwa lugha zote mbili. Leo alikuwa amevuta kitambaa mpaka kwenye nyusi, anatazama viatu vyake, amesimama karibu na bomba. Nafasi yangu! Ile ile! Najua kutoka pale unaona nini: unaona kifuniko cha mtaro na maandishi yaliyofutika nusu. Niliyasoma Jumamosi zote kumi na moja.

Hakuniona. Nimehakikisha.

Wiki ijayo nalikata boga. Nimeamua.

Jumatano, 20 Mei

Futi imekwisha!

Futi ya mama ina sentimita mia moja na hamsini. Imepima wanawake wote wa mtaa huu, na yule mama mwenye duka la unga, na bibi harusi aliyekuja na dada zake wanne. Hakuna aliyewahi kuimaliza. Leo nimeizungusha kwenye boga na ncha hazikukutana. Kati yake kulibaki pengo la kiganja. Nilikaa chini. Nikaitazama ile futi kama mtu aliyeambiwa bahari imehama.

Limekuwa la rangi ya moto wa mkaa. Halifanani na kitu kilichotoka kwenye mbegu. Linafanana na kitu kilichofika.

Jumamosi nitalibeba. Nimefanya mazoezi na gunia la unga la baba: hatua tatu, naanguka. Sawa. Nitalibingirisha mpaka Ghala, kisha ngazi saba nitasukuma kwa mgongo. Nikiwa nyuma yake sitaonekana.

Nimepima kila kitu. Mzunguko. Umbali. Ngazi.

Jumamosi, 23 Mei, jioni

Sikupima mwanya.

Niandike kwa utaratibu, ingawa nina mbegu za boga masikioni.

Saa moja asubuhi niliingia kichumbani na kisu. Nikakata kikonyo. Kilitoa maji kama machozi, nikaliambia boga pole. Nikazunguka nyuma ya boga, nikaegemeza mgongo, nikasukuma kuelekea mlangoni. Likabingirika vizuri. Likafika mwanya. Likakwama, kabisa, kama kizibo kwenye chupa.

Kukawa giza.

Nilielewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza: boga lililoingia likiwa chungwa halitoki likiwa pipa. La pili: mimi niko upande wa ndani.

Nilivuta. Nilisukuma. Nililibembeleza. Lilikuwa linauziba vizuri sana ule uso wangu. Mpango ulikuwa umefanikiwa kupita kiasi. Ghala linafunguliwa saa nne. Ikabidi nipige kelele, na mimi sijawahi kupiga kelele, sijui zinaanziaje. Nikafikiri ni neno gani mtu mstaarabu anasema mlangoni.

Nikasema hodi.

Upande wa pili wa ukuta Babu Mizani, juu ya kigoda chake, akaitikia karibu. Nikasema hodi tena. Akasema karibu, pita! Nikasema siwezi kupita. Akauliza kwani uko wapi, mjukuu wangu. Nikasema chini ya tangi. Kikasikika kigoda kikianguka.

Ndipo nikapiga kelele kweli. Nikaita: baba! Sauti ilinishtua mwenyewe. Sikujua ninayo kubwa hivyo.

Wakaja wote. Wa kwanza shangazi, na ufagio, akimwamuru kijana atoke mwenyewe kwa heshima kabla hajatolewa. Kisha akaona kilichojaa mwanya. Shangazi yangu, ambaye hajanyamaza tangu nimfahamu, alinyamaza. Nilihesabu. Pumzi saba.

Mama akasema ndiyo maana futi yake inanuka udongo.

Babu Mizani alizunguka kupitia barabarani, na mizani yake ya ndoano begani. Nilimsikia akifika, nikasikia hatua zinasimama. Shangazi ananiambia alivua kofia. Akalishika boga kwa kiganja kizima, kama mtu anavyomshika farasi mgeni. Akasema kwa sauti ndogo kwamba amepima duniani humu kila kitu, amepima hata jiwe la kaburi lililotumwa kwa posta, lakini hili, mjukuu wangu. Hili! Halafu akasema, kumbe ile mbolea. Nikasema ndiyo, Babu, nisamehe. Akasema asamehe nini, mbolea imekwenda mahali pake.

Nilitaka kulia. Sikuwa na nafasi.

Baba akapima mwanya kwa mkono, akapima boga, akatazama juu kwenye tangi lililojaa maji. Akasema jukwaa halivunjiki. Kitakachokatwa ni boga. Nikawaambia hapana! Likikatwa si kubwa tena! Nitabeba nini? Nitapitaje mlango wa mbele? Nilisema yote, kupitia nyuma ya boga, gizani, ngazi ya tatu na miguu na zile kabichi mbili na mchicha wa mbuzi. Sijui ningeweza kuyasema mbele za watu. Kisha baba akasema hata yeye hajawahi kuufikia mlango ule, wa mbele wala wa nyuma. Basi.

Nikaiona akilini ile mifuko mitupu ya foleni. Imekunjwa nne kwa nne.

Nikasema kateni.

Baba alileta msumeno wa mikate kutoka kazini, mrefu kama mkono. Nilikuwa gizani ninasikia msumeno unakuja. Kisha mwanga ukaingia, lakini haukuingia mweupe. Ulipitia nyama ya boga kwanza. Kichumba kizima kikawa cha rangi ya chungwa, kuta, mikono yangu, fulana yangu ya zamani sakafuni. Nilikuwa ndani ya ua, lile la asubuhi ile, likifunguka. Nikasahau kwamba nimekwama. Kama wangeniuliza wakati ule nataka nini ningesema dakika tano zaidi.

Uso wangu ulitokea kwanza kupitia tundu. Mama akaupangusa kwa kanga.

Babu Mizani alipima kila kipande kabla hakijaingia kwenye beseni. Akasisitiza mbegu nazo zipimwe. Kilo sitini na moja na gramu mia nne. Aliandika vikaratasi mpaka akaishiwa kamba.

Tukaenda wote. Babu alisukuma toroli, baba alishika beseni zisimwagike, mama na shangazi walibeba sufuria, mimi nilibeba sinia la mbegu. Sinia! Kitu chembamba kuliko vyote! Nikajifariji kwamba angalau ni mlango wa mbele.

Toroli halipandi ngazi saba. Tulizunguka nyuma.

Foleni ilikuwa kwa fundi viatu tena. Tulipita kando yake yote, toroli linapiga kelele kwenye mawe, na watu wakageuka. Mtoto mmoja akamwuliza mama yake kama hilo ni jua limekatwa. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha makofi yakaanza, kutoka kwenye foleni. Sijawahi kusikia kwamba foleni inapiga makofi. Nilitafuta pa kujificha. Nilikuwa na sinia.

Mama Ghala akatoka, akapigwa na butwaa, kisha akapata sauti yake yote. Akasema kwenye meza ya kugawia leo hakuna mtu, mwenye boga ndiye agawe. Wote wakanitazama. Baba alikuwa ameshaanza kukatakata, unga wa mikate bado uko kwenye nyusi zake, hamtazami mtu, kama mimi. Nikasimama kando yake. Nikatoa kipande. Kingine. Mikono ilijua, kumbe. Kila mtu alikuwa anaangalia boga. Halafu kila mtu alikuwa ananiangalia mimi na kusema asante, na sikufa.

Kengele alipofika mbele, alikuwa ameinama. Aliona viatu vyangu kwanza. Akaganda. Nilijua anachofikiria, maana mwaka jana nilikuwa nakifikiria kila Jumamosi: sasa Jumatatu darasani atasema. Ulimi wangu ukakauka kwa lugha zote mbili. Nikachagua kipande kinene kuliko vyote. Nikasema:

“Mimi nilikuwa nasimama pale pale. Kwenye bomba.”

Akainua macho. Akauliza, yale maandishi ya kwenye kifuniko, niliwahi kuyamaliza kuyasoma? Nikasema hapana, nusu imefutika. Akasema hata yeye. Akacheka kidogo. Kengele, lakini ya mbali.

Mtu wa mwisho alipata. Wa mwisho kabisa! Na beseni moja likabaki.

Ubaoni Mama Ghala aliandika: BOGA, KILO 61, BABU MIZANI, kwa sababu ndiye aliyesukuma toroli. Babu akawaka. Akasema kwanza ni sitini na moja na gramu mia nne, pili si lake, ni la jirani yake. Mama Ghala akaniuliza jina. Maneno ya siku nzima yalikuwa yameshakwisha, ghala langu tupu. Nikatabasamu tu. Basi akafuta, akaandika: JIRANI.

Baba aliutazama ubao ule kwa muda mrefu. Ili kuuona vizuri alikuwa amezunguka mbele na kupanda ngazi. Zote saba, mpaka mlangoni. Nadhani hakugundua. Sikumwambia.

Jumapili, 24 Mei

Nyumba nzima imekaa kunipa mafunzo. Mama amesema safari ijayo nipande mahali pa wazi, watu waone. Baba ametikisa kichwa kukubali. Babu Mizani amesema juu ya ukuta kwamba nusu ya bustani yake ni yangu, juani, na mizani nitumie nitakavyo. Shangazi amesema siri ndiyo ilikuwa kosa, kisha akaenda kuieleza mitaa mitatu. Nimewasikiliza wote. Wamesema kweli. Nimejifunza sana. Kujificha hakusaidii kitu.

Saa kumi Kengele alikuja kuomba mbegu. Nilimpa sita. Akauliza za kwangu nitapanda wapi. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikampeleka nyuma ya jiko.

Lile tangi kuukuu! Nilikosaje kuliona muda wote huu? Limepasuka chini kidogo tu, maji hayatatuama. Mmea utabaki nje juani, boga nitaliingiza ndani likiwa changa. Babu hataona kutoka kwenye kigoda. Mama hataona. Shangazi hataona. Ndani ni pana mno: humo linaweza kufika kilo mia! Nikilibeba hilo, hata miguu yangu haitaonekana.

Kengele alichungulia ndani, akaita, mwangwi ukamjibu. Akauliza likishakua litatokaje. Nikamwambia asiwe na haraka, hayo ni mambo ya mwezi wa nane.

Safari hii lakini nimepima. Mdomo wa tangi una shibiri moja na nusu. Nimepitisha chungwa kujaribu.

Limepita bila shida.